Ukurasa wa Msiba Wenye Kichwa cha Harusi

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alipofariki, watoto wake wote watatu walikuwa nje: wawili Ubelgiji, na wa mwisho Afrika Kusini. Hakuna aliyeweza kufika kwa mazishi. Siku ya pili ya kilio, pale mtaani kwetu Ruashi, baba mkubwa, mumewe, alinigeukia mbele ya watu wote waliokaa chini ya turubai.

"Weye mutoto, utatutengenezea site," alisema. "Utie mapicha, na programme ya mazishi. Bale batoto bamuone mama yabo."

Nilijibu, "Ndiyo, baba."

Sikujua kutengeneza site, yaani tovuti. Nilikuwa na diplome ya informatique, masomo ya kompyuta, lakini mitihani mingi niliipita kwa kunakili kwa rafiki aliyeketi mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa kupiga fotokopi na kuchapa barua za watu kwenye kibanda karibu na chuo kikuu. Marehemu hakuyajua hayo. Sokoni alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mtoto wake anaijua ordinateur mpaka ndani, nami nilikuwa nikisimama kando yake nikitabasamu, sisemi kitu.

Nikatafuta njia ya mkato. Kwenye intaneti nilipata ukurasa mzuri wa harusi ya watu nisiowajua, wenye maua na picha kubwa. Nikafungua HTML yake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ioneshe nini na wapi, nikayachukua yote. Kila nilipoona jina la bibi harusi niliweka la mama mkubwa, na penye maneno ya harusi nikaweka ya mazishi. Maua nikayaacha. Mistari ya juu kabisa sikuielewa, na kwa kuwa haikuonekana kwenye ukurasa, nikaona haina kazi. Binamu yangu wa Afrika Kusini, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kutengeneza site, alinipa nafasi kwenye seva yake pamoja na neno la siri. Ukurasa ukapanda mtandaoni. Nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la familia, asubuhi ya mazishi.

Chini ya ujumbe wangu kikatokea kisanduku kidogo, kama inavyokuwa unapotuma kiungo. Ndani yake, kwa herufi nzito, kulikuwa kumeandikwa kwa Kifaransa: Karibuni kwenye harusi yetu.

Nilipokiona, watu walikuwa wameshausambaza. Parokia ilikuwa nao. Wazee wa ukoo wetu kule Kasai walikuwa nao. Binamu yangu mkubwa alituma sauti kutoka Ubelgiji, analia na kufoka pamoja: "Ni nani anacheka mama yetu? Ni nani?"

Nikakimbilia nyuma ya nyumba na laptop yangu, nikaketi juu ya tofali. Nilisoma ukurasa wote kama unavyoonekana kwenye kioo, neno "harusi" halikuwepo popote. Nikaanza kufuta mistari ya HTML kwa kubahatisha. Picha ya mama mkubwa ikapotea, maua yakabaki. Hapo ndipo mama yangu aliponikuta.

"Ni weye uliandika vile?"

"Hapana, mama. Muntu aliingia ndani ya site. Ule anajua mot de passe."

Sikutaja jina. Sikuhitaji kulitaja. Aliyejua neno la siri, mbali na mimi, alikuwa mmoja tu: yule wa mwisho, ambaye kila mtu alijua kwamba hakuwa akimpigia mama yake simu tangu walipogombana. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, maneno yalikuwa yamefika kwenye kundi. Kaka yake alimwandikia kwamba asijiite tena mtoto wa mama yao. Shangazi mmoja alimtoa kwenye kundi.

Nilienda makaburini nikiwa nimeshika shada la maua. Niliimba pamoja na wengine. Siku nne nilikula, niliosha vyombo vya kilio, nilipokea pole za watu, huku nikimwacha binamu yangu abebe kosa langu. Nikiwasikia wakimsema, nilikuwa nainama na kuongeza sabuni kwenye maji.

Siku ya tano baada ya mazishi viti vya kukodi vilirudishwa. Asubuhi nilimkuta baba mkubwa peke yake kwenye baraza. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa miaka mingi, na mbele yake nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Baba, si yeye. Ni mimi. Nilicopier ukurasa wa bengine, sikujua mule munaandikwa nini."

Hakupaza sauti. Alivaa miwani.

"Nionyeshe ule mustari."

Nilifungua ile faili. Tulisoma kuanzia juu, yeye akifuata kwa kidole kwenye kioo. Mstari wa sita ulianza na neno title, kisha maneno ya harusi, yamekaa pale waziwazi. Kichwa cha ukurasa, kile ambacho WhatsApp ilikionyesha kwenye kisanduku. Aliyesoma wiki mbili tu angekijua.

"Diplome yako ilikuwa ya nini?" aliuliza.

Akanipa simu yake.

"Mupigie."

Binamu yangu alipopokea nilisema yote bila kupumua.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Niliona title mara moja. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

"Sababu ya nini hukubaambia?"

"Bangeniamini?"

Baba mkubwa, aliyesikia kila neno, aligeuza uso.

Nililia, naye binamu akaniacha nilie. Kisha akasema nifungue ukurasa mtupu, nisinakili kitu. Kwa simu alinitajia, moja moja, na kila nilichoandika aliniuliza kina kazi gani kabla ya kuendelea. Kichwa. Mwili. Aya. Picha, na pale picha inapokaa. Niliposahau kufunga alama ya herufi nene, ukurasa mzima uligeuka wa herufi hizo, na baba mkubwa akasema, "Mutoto, funga mulango." Ilichukua siku mbili kumaliza ukurasa usio na ua hata moja: jina la marehemu, picha yake akiwa na kitenge cha buluu, na aya nne alizoziandika mumewe.

Kabla ya kuutuma, nilirekodi sauti kwa kundi lote, nikasema nilichofanya na niliyemsingizia. Shangazi alimrudisha binamu kwenye kundi bila neno. Kaka yake alimwomba msamaha. Mimi, huyo kaka hajanisemesha mpaka leo. Akipiga simu kwa mama yangu, huwa anauliza hali ya kila mtu wa nyumbani isipokuwa mimi, halafu anaaga.