Mpiga ngoma aliyemwombea kibali cha mazishi mzee aliye hai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Ngombezi, shamba la mkonge karibu na Korogwe, bado linajishauri, na Agripina Mapunda ameshainama mara mia. Anachota fungu la singa mbichi za mkonge, analikung'uta, analitandaza juu ya waya, anasogea hatua moja, anachota tena.

Nyuma yake mashine ya kukamua majani inanguruma. Hapa inaitwa korona, na iliitwa hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujalichukua jina hilo bila kuomba kibali.

Neno kibali, hata hivyo, ni afadhali usilitaje karibu na mama huyu asubuhi hii.

Waya wa kushoto kwake uko wazi. Wa kulia pia. Wenzake wanaanika upande wa pili, mbali, kama vile Agripina ana upele. Sababu iko kwenye bahasha ya kaki aliyoibana kiunoni ndani ya kanga: karatasi yenye mihuri miwili, inayoruhusu maandamano ya kumsindikiza kaburini Mzee Deogratius Ngonyani.

Mzee Deogratius yu hai. Jana jioni alimfokea mtu kwa kumpunjia chumvi kwenye maharage.

“Wananiita mchawi,” anasema Agripina bila kuacha kazi. “Mchawi gani anayepanga foleni ofisini? Mchawi gani anayejaza fomu?”

Agripina ana miaka 46. Babu yake aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Yeye ni kizazi cha tatu kambini. Ujira wake wa siku unatosha kununua unga, mafuta ya kupima, na nauli ya kwenda Korogwe mjini. Ya kurudi ajitegemee.

Jioni na mwishoni mwa wiki ni mpiga ngoma kubwa na katibu wa kikundi cha matarumbeta cha kambi yao. Wako wanane. Wana tarumbeta tatu, trombone mbili, ngoma ndogo mbili, na hiyo kubwa, ambayo Agripina akiibeba, ukimtazama kutoka mbele unaona ngoma yenye miguu.

Harusini wanalipwa. Misibani hawachukui kitu, wanakula wali na wafiwa basi. Ni desturi ya kambi tangu enzi za babu zao: mtu aliyeula ujana wake kwenye mkonge hupelekwa makaburini kwa miguu, kutoka mlangoni pake, matarumbeta yakiwa mbele.

“Aliingia kambini akipigiwa kengele ya kazi kama mtoto wa shule,” anasema Agripina. “Basi siku ya kutoka apigiwe kitu kizuri. Ni hilo tu tunaloomba. Nyumba siyo yake, shamba siyo lake. Hata hiyo nusu saa mnamnyima?”

Wanaomnyima wana fomu. Inaitwa maombi ya kibali cha maandamano na misafara ya hadhara, ina kurasa tatu, na hupelekwa ofisi ya kata siku tatu za kazi kabla ya tukio. Inataka njia zitakazotumika, idadi ya washiriki, muda wa kuanza na kumaliza, ujumbe wa maandamano, na jina la mgeni rasmi.

“Kwenye mgeni rasmi niliandika marehemu,” anasema Agripina. “Ungeandika nani?”

Fomu hiyo haijawahi kumsumbua anayeoa. Bwana harusi hupanga tarehe yake miezi sita kabla. Tatizo ni kwamba wafu wa Ngombezi hawana adabu hiyo.

Mwezi Oktoba mwaka jana alifariki Mzee Mikaeli Nyoni, mkata mkonge kwa miaka 31. Alifariki Ijumaa saa tisa alasiri. Agripina alikimbia na fomu yake akafika saa kumi kasorobo. Karani alikuwa anafunga dirisha.

“Akaniambia, shikamoo mama, njoo Jumatatu. Nikamwambia, mwanangu, tunazika Jumapili. Akasema, basi Jumatatu ukileta, hesabu siku tatu za kazi, unapata Alhamisi. Nikamuuliza, mwili nauweka wapi mpaka Alhamisi? Akasema hilo siyo la dirisha hili.”

Jumapili kikundi kikatoka hivyo hivyo. Hawakufika hata mita mia mbili. Kwenye njia panda ya kuelekea makaburini walisimamishwa na mgambo wawili, wakaamriwa kuweka vyombo chini. Jeneza likaruhusiwa kuendelea. Tarumbeta zikakamatwa.

Faraji Mbwana, anayepiga tarumbeta ya kwanza, bado anawaka akisimulia. Yeye ni Mwislamu, na kwao tarumbeta haziingii mazikoni, ila kwa wenzake wa kambi hupiga.

“Sisi tunabeba jeneza barabara nzima, tena mbio, watu mia tatu. Hakuna aliyewahi kutudai karatasi, na wasije wakathubutu,” anasema. “Sasa niambie. Watu mia mbili wakitembea kimya, huo ni msiba. Watu hao hao wakitembea na tarumbeta, eti ni maandamano! Tunaandamana kumpinga nani? Mungu?”

Mjane wa Mzee Mikaeli, Mama Grasiana, alikuwa nyuma ya jeneza.

“Nilisikia viatu,” anasema. “Njia yote, viatu tu.”

Vyombo vilikaa ofisini siku kumi. Agripina alipokwenda kuvichukua, ngoma kubwa aliikuta imelazwa chini, juu yake pamewekwa kiti, na juu ya kiti mtu anakunywa chai. Ngozi ilikuwa na mashimo manne. Anayaonyesha kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne.

Wiki hiyo hiyo ya mazishi, Mzee Deogratius alikula kiapo kwamba yeye hatazikwa kimya hivyo. Ana miaka 74, amefanya kazi chumba cha brashi, mahali singa zinaposuguliwa na vumbi lake linaingia kifuani bila kubisha hodi. Ndiye aliyeanzisha kikundi hiki, ndiye aliyemfundisha Agripina kupiga ngoma wakati wanaume kambini wakicheka kwamba mwanamke atazaa kabla ya ubeti wa pili.

Mwezi Machi kifua kilimbana, akalazwa. Madaktari waliwaambia watoto wake wajiandae. Agripina alipokwenda kumwona, mzee alimshika mkono.

“Agripina mwanangu, mimi sitazikwa kama mwizi wa kuku. Nenda kaniombee kibali sasa hivi.”

“Baba, uchuro huo. Tarehe nitaandika ipi?”

“Andika yoyote. Mimi nitajitahidi.”

Yeyote aliyelelewa kambini anajua maana ya jambo hilo. Kumtaja mtu aliye hai kuwa ni marehemu ni kumwita mauti kwa jina na kumwonyesha mlango. Bibi zetu wangekufunga mdomo kwa kofi. Agripina anasema alikaa kwenye benchi la hospitali saa mbili akiwaza, mara akakumbuka viatu vya njia ya makaburini, akaenda kuchukua fomu.

Aliandika Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nane mchana hadi saa kumi. Washiriki mia mbili. Mwenyekiti wa kitongoji alisaini huku anakula, hakusoma. Pale dirishani karani alipitisha kidole kila mstari, akaona nafasi zote zimejazwa, akagonga mihuri yake miwili: pa, pa. Hakuna aliyeuliza cheti cha kifo. Fomu haikuwa na nafasi ya kuuliza hilo.

Jumatatu Mzee Deogratius akaomba uji. Jumanne akaomba ugali. Jumatano, saa nane kamili mchana, saa ile ambayo kisheria alitakiwa kuwa ndani ya jeneza, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake amevaa shati jeupe, anawapokea waliokuja kumpa pole ya ugonjwa.

Furaha hiyo haikumaliza jua moja. Nakala ya kibali ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa ofisi, kama utaratibu unavyotaka, na mtu mmoja akaisoma kwa sauti.

Binti wa mzee, Yuditha, alifika kwa Agripina bila kubisha hodi. Walikua pamoja, walisuka ukili pamoja.

“Nilikuwa nakuita dada!” alipaza sauti mpaka majirani wakatoka. “Kumbe unamgongea baba yangu muhuri kama gunia la mahindi!”

“Alinituma mwenyewe, Yuditha.”

“Mgonjwa akikutuma sumu, utampelekea?”

Tangu siku hiyo Yuditha hamsalimii, na waya za kuanikia mkonge pembeni mwake zimekuwa wazi.

Lakini ofisi haikuwa imemalizana naye. Mwanzoni mwa Aprili alipokea barua yenye kumbukumbu namba, ikimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini shughuli aliyoombea kibali haikufanyika.

Naam. Serikali ya watu ilitaka kujua kwa nini mzee hakufa.

Agripina alijibu kwa mstari mmoja: “Mhusika hakuwa tayari.”

Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Kikundi kikafungiwa mwaka mzima kutopewa kibali chochote, kwa kosa la kutoa taarifa za uongo. Maana yake ni nyepesi na inauma: Mzee Deogratius, ambaye kifua chake kinalia kama mlango mbovu, akifariki kabla ya Aprili ijayo, atapita njia panda ile kimya kama Mzee Mikaeli.

Subiri, hayajaisha. Siku mbili kabla ya Mei Mosi simu ya Agripina ikaita. Ilikuwa ofisi ile ile. Walitaka matarumbeta yaongoze gwaride la wafanyakazi.

“Nikamwambia, bwana, si mmetufungia? Akasema, aa mama, hiyo ni kwa ajili ya misiba tu.”

Anaitupa singa kwenye waya kana kwamba waya ndio uliopiga simu.

“Kwa hiyo kibali cha Mei Mosi kilitoka kwa simu, kwa siku moja. Nyoni kakata mkonge miaka thelathini na moja, siku yake ya wafanyakazi ilikuwa ile Jumapili, hakupata. Tukapiga kura, tukakataa wote wanane. Gwaride likapita na spika iliyofungwa kwenye bajaji, tena ilikatika njiani.”

Ofisa mmoja wa ofisi hiyo, aliyekubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa, anasema utaratibu umewekwa kwa usalama wa raia na watumiaji wa barabara. Alipoulizwa kwa nini mazishi yachanganywe na maandamano, alijibu kwamba wafiwa wenye dharura wangefika tu, wangesikilizwa. Alipoulizwa wafike wapi siku ya Jumamosi, alijibu, “Jumamosi hatupo.”

Mtu anaweza kudhani ndivyo ilivyo kila mahali. Siyo. Mwezi Februari kikundi kiliitwa Handeni kumzika kibarua mwenzao wa zamani aliyehamia kijiji kimoja huko. Mtendaji wa kijiji, Bi Asnath Sempombe, aliwakuta msibani, akakaa kwenye mkeka na akina mama, akaandika kibali kwenye daftari juu ya goti lake.

“Aliniuliza swali moja tu,” anakumbuka Agripina. “Mtatumia upande mmoja wa barabara au pande zote mbili? Nikasema mmoja. Akachana karatasi akanipa. Kisha akaenda kupakua wali. Huyo naye si serikali?”

Ni kutoka kwenye goti hilo ndipo Agripina alipopata wazo. Tangu katikati ya Mei, baada ya kazi, anapita nyumba kwa nyumba na barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa kamati ya maendeleo ya kata. Inaomba mawili. Mazishi yaondolewe kwenye fomu ya maandamano, yatolewe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo, hata kwa simu. Na kifungo cha kikundi kifutwe.

Mpaka juzi alikuwa na saini na dole gumba 212. Wengi walisaini wakiwa wamesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Mama Grasiana alisaini mara mbili, akaambiwa haikubaliki, akasema ya pili ni ya mume wake.

Saini ya mwisho ilikuwa ya Yuditha. Alisaini, akarudisha kalamu, akaufunga mlango.

Kamati inakaa Alhamisi. Mzee Deogratius ameapa kwenda mwenyewe, na amekwisha azima koti.

“Mimi ndiye kielelezo,” anasema, akikohoa na kucheka kwa pamoja. “Wakitaka kujua nitakufa lini nitawaambia, waheshimiwa, siku ya kazi, saa za ofisi. Sitaki kuwasumbua.”

Agripina hacheki. Anangoja kikohozi cha mzee kitulie, kisha anamfunika shuka mabegani na kusema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kata shauri.

“Alhamisi wakikubali, nitawashukuru kwa heshima zote. Wakikataa, siku yake ikifika nitaibeba ile ngoma na mashimo yake manne. Mgambo watasimama njia panda, waniamuru niiweke chini, na mimi sitaiweka. Jumatatu asubuhi, wakifungua tu dirisha, watanikuta wa kwanza kwenye foleni. Nitawaambia, nimepiga, niandikieni mnavyotaka. Mzee keshafika.”