Picha ya Mtani Wangu

Simu ni marufuku shuleni kwetu. Mwanafunzi akikutwa nayo inafungiwa kabatini kwa mkuu wa shule mpaka mzazi apande mlima kuifuata. Kwa hiyo nilipoomba kipindi kimoja kila Ijumaa mchana, niwafundishe watoto habari za akili mnemba, picha za kutengenezwa na namna ya kujilinda mtandaoni, mkuu alicheka.

"Madamu, simu hawana. Utawafundishia nini?"

Nikamwambia nyoka nao ni marufuku darasani, mbona kwenye Biolojia tunawafundisha. Akasema nifanye, ila nisimletee maneno.

Shule yenyewe iko juu kidogo ya Kinole. Ukitoka ofisini unaona migomba, na nyuma yake mikarafuu, na nyuma yake ukungu. Wageni wakija wanadhani watoto wa huku wako mbali na dunia. Wako mbali wapi! Asubuhi wanachuma pilipili manga, jioni wanaperuzi simu ya mama, ya kaka, ya mjomba. Asiyejua hilo hajakaa na watoto.

Nilichora simu ubaoni kwa chaki, nikaanza na hayo madogo. Kwamba siku hizi mashine inaweza kumchekesha pichani mtu ambaye hakucheka, na kumsemesha ambaye hakusema. Kwamba picha ya mtu haitumiwi bila kumuuliza mwenyewe. Kwamba ukifuta kitu simuni hakijatoka, kimehamia tu kwenye vilivyofutwa, na huko nako ukifute. Na kwamba kitu cha simuni kikikuumiza roho, usikibebe peke yako, mwambie mtu mzima, maana aibu ya kubeba peke yako humuuguza mtu.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye nilikuwa nikimaliza sentensi tu, mkono wake uko juu. "Madamu, na nikishafuta mpaka huko kwenye vilivyofutwa, wale walioiona je?" Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa katikati, tena katikati ya chini, lakini maswali yake yalikuwa yananifanya nikasome upya jioni. Nilimpenda, nasema wazi.

Jumatatu moja, kwenye somo langu la kawaida, mkono ule haukupanda. Wala Jumanne. Jumatano kiti kilikuwa kitupu, na nilipofika ofisini ndipo nikaonyeshwa picha iliyokuwa inazunguka kwenye kundi la wazazi la simuni. Binti yule yuko baa, gauni linang'aa, chupa ya bia mkononi, na pembeni yake mwanamume mtu mzima anacheka.

Nikaiangalia vizuri. Shingoni alikuwa na rozari nyeupe, ileile ya picha yake ya kipaimara, ambayo mama yake ameitundika sebuleni. Sura ilichukuliwa kule, na mashine haikuwa na akili ya kuivua rozari. Mtu mwenye macho angeona hapohapo kwamba ni ya kutengenezwa. Lakini huku kwetu, kwa watu wa jumuiya na misa ya kwanza, wakaona kinyume chake. "Kaenda baa na rozari shingoni!" Ile iliyokuwa dalili ya uongo ndiyo ikawa dhambi kubwa kuliko bia yenyewe. Nilitamani kulia, nikaishia kukasirika, na nashukuru niliishia huko.

Aliyeitengeneza alijulikana upesi. Ni msichana mwenzake, wanakaa dawati moja, aliitengenezea kwenye simu ya kaka yake. Alipoulizwa hakukana. "Nilikuwa namtania," akasema. "Ukoo wetu na wao ni watani." Na wazee wakatikisa vichwa: kama ni mtani, basi. Mtani hakasirikiwi. Kesi ya aliyetengeneza ikaishia hapo, ikabaki kesi ya aliyetengenezwa.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wa binti yule aliamua: mpwa wake aache shule, ateremshwe mjini Mafiga kwa mama mdogo akajifunze cherehani. Picha anajua huenda ni ya uongo, alisema, lakini lisemwalo lipo. Begi la binti lilikuwa limeshafungwa, na Jumamosi ndiyo ya safari.

Sina ugomvi na cherehani. Nina ugomvi na mtoto kufukuzwa shule kwa kosa ambalo hakulifanya, eti kwa sababu aliyelifanya alikuwa anatania.

Tena mimi utani naujua. Mimi ni Mluguru wa Mlali, na ukoo wangu na ukoo wa mjomba huyo ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mama yangu alipofariki, watani walikuja wakashika majembe wakachimba kaburi. Na mjomba huyuhuyu, mtu mzima na kofia yake ya pama, alijilaza kando ya shimo akisema haondoki mpaka alipwe jogoo ambaye marehemu alimwahidi. Tulicheka huku machozi yanatiririka. Halafu akainuka, akajikung'uta, akashika jembe akafukia. Huo ndio utani. Anayekuchekesha yupo palepale, na mzigo wako anaubeba.

Ijumaa wazee walikaa kikao shuleni, kwenye darasa letu, kumaliza shauri. Mkuu aliniomba nisihudhurie. Nikamwambia darasa ni langu na kipindi ni changu, leo ni Ijumaa. Kabla ya kuingia nilikaa barazani, mahali ambapo mtandao unashika, nikachukua picha ya mjomba ya mkutano wa wazazi, nikaiambia mashine ninachotaka. Chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomaliza.

Niliingia, nikampa mjomba shikamoo yake. Hasira si sababu ya kukosa adabu. Kisha nikampa simu.

Pichani yeye mwenyewe, na pama lake, anainama kwenye shamba linalofanana na la jirani yake, kiroba cha pilipili manga begani, anatazama nyuma kama mtu anayeogopa kuonekana. Aliitazama kwa muda mrefu. "Mtani, wewe," akasema, akacheka, akampa wa pembeni. Simu ikazunguka mkono kwa mkono, na kila ilipofika watu wakacheka, mpaka ilipomfikia jirani mwenyewe. Jirani hakucheka. Aliisogeza karibu na macho.

"Kofia ni yake," akasema.

"Baba, nimeitengeneza mimi," nikamwambia. "Sasa hivi, hapo barazani."

"Nimekusikia, Madamu. Lakini kofia ni yake. Na pilipili zangu msimu uliopita zilichumwa na mtu nisiyemjua."

Kicheko kikakatika. Nikaichukua simu, nikafungua kundi la wazazi, nikaiweka picha pale, nikabakiza kubonyeza tu. Nikamgeukia mjomba.

"Niitume?"

"Usitume, mtani."

"Kwa nini? Mtani hakasirikiwi."

"Hapa tunajuana," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ikishateremka mlima, ikifika mjini, nani atajua kwamba wewe ni mtani wangu? Wao wataona mwizi."

Nilimwachia maneno yake ayasikie mwenyewe. Nyuma mzee mmoja akasema, "Mkuki kwa nguruwe," na hakuna aliyemmalizia. Mjomba alivua kofia akaiweka magotini, akaanza kuupapasa ukingo wake.

"Na mpwa wako, mtani," nikasema, "kwake yeye wameona nini?"

Aliupapasa mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimevuka mpaka na nimemmaliza binti wa watu kwa ubishi wangu. Kisha akamwambia mama wa binti, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akafungue lile begi. Akamwomba mama huyo simu, akarekodi sauti kwenye kundi la wazazi, palepale mbele yetu. Alisema picha ni ya uongo, sura imeibwa kwenye kipaimara, na mwenye la kusema asimseme mtoto, aje amwambie yeye. Na yule aliyetengeneza, akasema, utani aliuanza vizuri, sasa aje aubebe: wiki nzima atapita kumchukua mwenzake nyumbani, watembee pamoja njia ya madukani, watu wawaone. Walitembea. Siku za kwanza hawakusemeshana.

Wapo wanaoiamini picha ile mpaka leo. Waamini. Yupo pia jirani ambaye hadi sasa, akipita mjomba, anatazama pilipili zake. Mkuu wa shule naye aliniita akaniambia nimewadhalilisha wazee, na kwamba kipindi cha Ijumaa kisimame kwanza mpaka atakaponiarifu. Nikaitikia ndiyo. Ijumaa iliyofuata, saa yangu ilipofika, nikachukua chaki nikaingia darasani. Hajaniarifu hadi leo, nami sijamuuliza.

Binti alikuwa kwenye kiti chake. Nilifundisha kuhusu picha, namna ya kuzikagua, vidole, masikio, rozari. Sikumtazama, nisije nikamlazimisha. Nilipokuwa nafuta ubao nikasikia minong'ono, nikageuka. Mkono wake ulikuwa juu.

"Madamu, ile picha ya mjomba umeifuta?"

Ilikuwa bado ipo simuni. Nilikuwa nimewaonyesha walimu wenzangu ofisini, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikaitoa simu mkobani, nikaifuta mbele yao.

"Na kule kwenye vilivyofutwa?"

Nikaingia huko nako, nikafuta. Akasimama, akaja mpaka mbele, akakitazama kioo mwenyewe, akaridhika, lakini hakurudi kukaa.

"Na wale walioiona je?"

"Kaa chini," nikamwambia, nikageukia ubao na kuufuta tena, ingawa ulishakuwa safi, maana machozi ya furaha yalikuwa yananitoka na sikutaka darasa zima lione.