Mama Karantuiti na fundo lililobadilika

Umande haujakauka juu ya mawe meusi ya lava, na Kasoki tayari anapita mbele ya wanawake waliokaa na masufuria chini ya ukuta wa kasho, chumba cha mahabusu. Anamwuliza kila mmoja swali lile lile.

"Jana kulirudi nini?"

"Tupu, mama."

"Tupu. Hata mufupa hakuacha."

"Nusu," anasema bibi mmoja wa mwisho. "Alikula nusu tu."

Kasoki anachuchumaa. Nusu ni habari. Anauliza kama ni ugali ulioachwa au maharage, na kama maji yalinywewa yote. Kisha anamwambia bibi kesho alete uji, usio mzito, maana mtu anayeacha ugali na kumaliza maji huenda ana homa.

Hiyo ndiyo kazi ya sheria iliyobaki katika mtaa huu wa Goma, mtaa ambao hatutautaja. Kusoma masufuria.

Kasoki ana miaka arobaini na mmoja. Jina lake la pili ameomba tuliache. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa msaidizi wa sheria katika ofisi ya mwanasheria wa serikali ya mtaa. Hakuwa wakili. Alizaliwa Butembo, akasoma sheria miaka mitatu hapa Goma, baba yake akaugua, karo ikaisha. Ofisini aliandika malalamiko ya watu wasiojua kuandika, na kila asubuhi alizunguka kwenye makasho kuwakumbusha walinzi jambo moja: mtu hakai ndani zaidi ya saa arobaini na nane bila kuachiwa au kufikishwa mbele ya sheria. Alilisema kwa Kifaransa, kwa sauti, hadi mtaa ukampa jina la hizo arobaini na nane. Mama Karantuiti.

"Walikuwa bananicheka," anasema. "Lakini walikuwa banafungua mulango. Haikuwa juu yangu. Nyuma yangu kulikuwa mwanasheria, na nyuma ya mwanasheria parké, ofisi ya mashitaka. Sasa nikigonga, nyuma yangu kuko barabara tu."

Mwanasheria alivuka mpaka siku mabomu yalipoanguka na wenye silaha kuuteka mji, na simu yake haiiti. Kibao cha ofisi kimekuwa meza ya muuza nyanya. Mshahara wa Kasoki, dola tisini, ulikufa siku benki zilipofungwa. Mume wake, Kataliko, mfanyabiashara wa viazi, amebaki upande wa Butembo, na kati yao kuna vita. Mchana Kasoki anauza unga wa muhogo katika mtaa wa Majengo. Asubuhi anakuja hapa, bila kadi, bila amri ya mtu, bila malipo.

Na wasitudanganye walioko Kinshasa kwamba mambo haya yameanza jana. Kasho ya nchi hii haijawahi kuwa na jiko. Enzi ya Zaire, mama zetu walibeba sufuria. Mwaka wa tisini na sita walibeba. Tisini na nane, tena. Elfu mbili na kumi na mbili, tena. Kila anayekuja na bunduki anaahidi kutukomboa kutoka kwa aliyemtangulia, halafu anafunga waume zetu na kutuachia sisi kazi ya kuwalisha. Watoto waliobebwa mgongoni kwenye foleni ya Tisini na sita, leo ndio wanaokaa foleni hii na watoto mgongoni. Anayesema tumesahau hajawahi kusimama hapa.

Katika safu hii yuko Asha, mama wa Sumaya. Ni mtu wa Majengo. Babu zake walitoka Kasongo, Maniema, na biashara ya nguo. Mume wake, Djibril, ni dereva wa Fuso. Alikuwa anashusha makaa na kabichi kutoka Kalengera. Siku moja njiani aliambiwa ashushe mzigo wa wateja, apakie wa wenye silaha, aupeleke upande wa Lac Vert. Akajibu kwamba rejeta inavuja na gari si lake. Akaletwa hapa.

Asha akaanza kupika. Mlinzi anachukua sufuria langoni, anaita jina ndani, anayeitwa anajibu, chakula kinaingia. Kesho yake sufuria inatoka. Kasoki alipokatazwa kuvuka lango, aliamua sufuria ndiyo itakuwa macho yake. Ikirudi tupu, mtu yuko hai. Ikirudi imejaa, anakwenda kupiga kelele. Mara mbili kelele hizo zilitoa mgonjwa nje.

Kwa Djibril palikuwa na alama zaidi. Sufuria yake ilirudi imefungwa kitambaa kwa fundo la turubai, lile madereva wa Kalengera wanalofungia mzigo: linashika hata gari likiruka mashimo, lakini ukivuta ncha moja, linafunguka lote.

"Nilikuwa nalivuta pale pale langoni," anasema Asha. "Ni kama alikuwa ananisalimia."

Madereva wenzake walitaka kwenda kwa wakubwa kumwombea. Kasoki akawazuia. Aliogopa mmoja wao atabaki ndani naye. Sufuria inarudi tupu, aliwaambia. Anakula. Tungoje.

Wakangoja.

Ilikuwa Ijumaa Kasoki alipotazama sufuria mkononi mwa Asha na kuona kitambaa kimefungwa mafundo mawili ya kawaida, kama anavyofunga mtu yeyote.

"Mama Sumaya, fundo ya Djibril iko fasi gani?"

Asha akageuza uso. "Pengine mukono yake inauma."

"Tangu lini?"

"Usiniulize lini, Mama Karantuiti. Sufuria ni tupu. Si wewe njo ulituambia tupu ni uzima?"

Kasoki akasema kuna njia ya kujua. Djibril ana vidonda vya tumbo, hagusi pilipili. Asha atie pilipili nyingi, waone kesho kitarudi nini.

"Na kama iko ndani?" Asha akauliza. "Na ana njaa? Mimi bibi yake nimutumie pilipili?"

Hakutia. Kasoki akaenda langoni mwenyewe.

"Mama Karantuiti!" mlinzi akacheka. "Saa yako ingali inatembea?"

"Shefu, Djibril wa Majengo iko humu?"

"Chakula inaingia, sahani inatoka. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kumusikia akiitika."

"Nenda uuze unga yako, mama."

Habari ililetwa na Viateur, fundi wa viatu, alipoachiwa. Alikuwa amelala chumba kimoja na Djibril. Asubuhi moja ya mvua, alisema, walikuja kuuliza nani anajua kuendesha gari kubwa. Hakuna aliyeitika, lakini walimjua. Wakamtoa. Hakurudi, na gari lilikwenda wapi, Viateur hajui.

Baadaye asubuhi ile mlinzi akaita, "Djibril! Chakula!" Watu wakatazama mahali alipokuwa akilala. Kisha mtu mmoja kwenye kona akasema, "Niko." Ni mtu wa mbali, hana ndugu Goma, hana anayempikia. Alikuwa anaishi kwa makombo ya wengine. Mlinzi alimtazama usoni, akajua si yeye, akampa. Tangu siku ile ndiye anayejibu.

Kasoki alikwenda Majengo na Viateur, wakayasema yote mbele ya Asha na mama mkwe wake. Asha hakulia. Aliuliza tu kama huyo mtu ni mzee au kijana.

"Haiko mukubwa," Viateur akasema. "Na amekonda sana, mama. Sisi wengine tulikuwa tunamuita Djibril wa pili. Anakasirika."

Asubuhi iliyofuata Asha alikuwa chini ya ukuta na sufuria. Yupo leo pia. Jirani yake alimwita mwenda wazimu. Jibu lake tumeliandika alivyolisema:

"Nikiacha kupika, nitakuwa nimemuua huyu, na nitakuwa nimesema Djibril amekufa. Mi sijasema."

Kasoki anapoeleza haya, hatazami mtu. "Njo mimi niliambia madereva wangoje," anasema. "Sheria ilinifundisha kuhesabu masaa. Haikunifundisha kwamba mutu mwengine anaweza kukula kwa jina yake."

Tulimwuliza kama ana tumaini. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema hana. Ana kazi. Ameamua kwamba kila asubuhi, kabla ya sufuria kuchukuliwa, ataliita jina la Djibril kwa sauti langoni na kuuliza aliko, wanawake wote wakiwa mashahidi. Siku moja watachoka, watasema. "Ao mimi nitachoka," anaongeza. "Lakini wakisema hapakuwa mutu anaitwa vile, tuko wanawake makumi tutasema mulikuwa munaita wenyewe kila siku, na munapokea chakula yake."

Majina ya wengine humu tumeyabadilisha. Asha alikataa tubadilishe la mume wake. "Mukibadilisha," alisema, "nani atamutafuta?"

Lango linafunguka. Kasoki anasimama mbele, anaita, "Djibril wa Majengo! Iko wapi?" Mlinzi anapiga miayo. Masufuria ya leo yanaingia, ya jana yanatoka.

Asha anapokea ya kwake. Ni tupu. Anajaribu kufungua kitambaa kwa vidole, hakifunguki. Yule aliyefunga amekaza mno. Anakaa chini kwenye mawe, anainama, anaanza kulifungua fundo kwa meno.