Zamu ya Baba

Juzi kivukoni nilimwona askari amesinzia, kofia magotini, nikamkumbuka baba. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilivuka naye kwenda Sengerema kwa mjane wa Masanja, askari mwenzake aliyeuawa na majambazi. Nyumba ilinukia sato wa kukaanga, lakini baba hakugusa chakula.

"Shemeji, zamu ile ilikuwa yangu," alisema kwa sauti iliyochoka. "Nilimwomba anishikie, nimpeleke mtoto hospitali."

Mama yule alinitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. "Umepona, mwanangu? Kula."

Nilidhani amenipenda kuliko wanawe, nikala kwa majivuno huku baba akilia. Sasa nami ni mama, na sijui alipata wapi nguvu ya kunilisha.