Jina la Mama Yangu Kwenye Tangazo la Viatu

Mwanangu wa kike anamalizia skuli ya sekondari Marekani, kwa mjomba wake, na anakimbia mbio za mita mia nne. Sisi wengine tuko hapa Maskati. Alasiri moja nikitoka kazini, kaka yangu alinipigia simu kunambia jimbo lao limepitisha sheria: wanafunzi wanamichezo sasa wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Kampuni moja ya viatu ilikwishamtaka mwanangu. Kwa kuwa bado ni mtoto kisheria, saini ilitakiwa yangu.

Nilikuwa kwenye foleni ya magari karibu na mtaa wa Ghala. Niliegesha gari mbele ya gereji, nikausoma mkataba kwenye simu. Kampuni ingeweza kutumia jina na picha zake hata akiacha kukimbia. Akiumia goti je? Picha ikishatoka, nani atairudisha?

Na jina lenyewe ni la mama yangu, tulimpa mtoto, na bibi yake yu hai mpaka leo. Mama anaishi nasi mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Nilimkuta anachambua mchicha, nikamweleza. Kwanza alidhani serikali ya kule inawalazimisha watoto. Akauliza kama atavaa mtandio na suruali ndefu. Nikamwambia hilo limeandikwa kwenye mkataba. Akaendelea kuchambua, kisha akauliza:

"Na akishindwa, jina langu litabaki kwenye tangazo?"

"Litabaki mpaka mkataba uishe, mama."

"Basi mimi nnaogopa. Lakini usimkataze kwa khofu yangu. Mkataze kwa yako, kama unayo."

Ninayo, tena tele. Nilimpigia mwanangu nikamweleza khofu yangu. Mwanangu hakugombana nami; alisema tu kwamba wenziwe wanatia saini, na kwamba watu wanamtazama kila akikimbia, alipwe asilipwe. Mwishowe nilimtuma kaka yangu adai mambo mawili: picha tuzione kwanza, na akiacha kukimbia waache kumtumia. Walikubali. Nikatia saini.

Tangazo lilipotoka, jamaa walilisambaza mpaka Unguja. Kisha mtu tusiyemjua akaandika chini yake maneno ya kuukejeli mtandio wake. Nilimpigia mwanangu haraka, nikitaka kumwahi kabla hajayaona. Alikuwa anakula mkate kabla ya skuli.

"Nimeyaona jana, mama," alisema. "Nna mazoezi, nitakupigia."

Sikujua nifurahi au nilie. Jana nzima alikuwa nayo peke yake, hakunambia.

Kwenye mashindano makubwa ya msimu alitoka wa nne. Kampuni haikumtukana wala haikumsifu. Mkataba ulipoisha hawakuuliza tena. Nikadhani nitapumua. Juzi kaka yangu kanambia kuna kampuni nyengine, ya vinywaji, inamtafuta. Nimemwambia asubiri. Mwanangu anajua, lakini hajaniuliza kitu, na huko kutouliza kwake ndiko kunakonisumbua.