Sura Iliyokuwa Mwisho wa Kanda

Habaryar wangu, mdogo wake mama, alivuka mpaka wa Liboi vita vilipopamba moto Mogadishu. Alikuja na mimba na kanda moja ya video aliyoifunga kiunoni. Mumewe alikuwa ametoweka, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Kilichobaki ni ile kanda: filamu ya zamani ya kusisimua ambamo mumewe huyo ndiye aliyeigiza muuaji. Filamu nzima unamwona mgongo tu. Mwisho kabisa ndipo anageuka.

"Mtoto wangu atamwona babake hapo," alisema habaryar, na sikumbuki siku aliyokosa kulisema.

Nyumbani kwetu Garissa hatukuwa na stima, seuze mashine ya video. Binti aliyemzaa alipoanza kuuliza babake yuko wapi, habaryar alimbembeleza mzee mwenye ukumbi wa video mpaka akakubali kutufungulia sisi wanawake asubuhi, wanaume wakiwa kwenye soko la mifugo. Tulikaa kwenye mabenchi, binti kapakatwa. Mpelelezi akamfikia muuaji kwenye ngazi, akamwita. Mgongo ukaanza kugeuka. Jenereta ikazima. Mafuta yameisha, eti. Wallahi nilitamani kumzaba kofi yule mzee.

"Bicha iko salama, mama," akasema kwa lafudhi ya Kisomali. "Njoo Ijumaa tumalize."

Ijumaa kanda haikuwepo. Imeibwa, alisema, huku macho yake yakiwa chini. Habaryar alimshika binti mkono, wakarudi nyumbani, akabandika chai. Tangu hapo kila aliyesafiri kwenda Nairobi alipewa kazi ya kuiulizia, na habaryar alikufa angali anaiulizia.

Siku hizi mtandaoni kuna hifadhi za bure, watu tusiowajua wanapakia filamu za kale zisipotee. Nimezichokora miaka na miaka, mpaka macho yakaniuma. Mwaka huu nikaipata, na aliyeipakia ameandika kwamba hajui nakala nyingine popote. Nikampigia binti, ambaye sasa ana watoto wake. Alifika amevaa viatu visivyolingana.

Tukatazama. Ngazi ile. Mpelelezi akaita. Mgongo ukaanza kugeuka.

Filamu ikakatika, zikaingia ngoma za arusi. Ilikuwa arusi ya jirani yetu, Alhamisi ile ile kabla ya Ijumaa tuliyoambiwa turudi. Mzee wa ukumbi ndiye aliyekuwa akirekodi arusi zote mtaani, na kanda tupu zilikuwa taabu kupata. Aliichukua yetu, akarekodi juu yake kuanzia pale pale jenereta ilipotukatia. Mwizi alikuwa yeye, na amekufa, sina hata wa kumtukana.

Kwenye kioo wanawake waliimba. Katikati yao alikuwa habaryar, bado kijana, akicheka na kuipigia kamera makofi, pale ambapo uso wa mumewe ulipaswa kuwa.

"Yule ni mama," binti akasema.

Tuliiacha mpaka ikaisha.