Aya ya Mama

Nikiacha uji wa muhogo kwenye sufuria hadi ukachacha, harufu yake hunirudisha Kasulu, kidato cha pili, kwenye riwaya moja isiyo na jalada. Darasa letu zima lilikuwa na nakala moja tu. Mwalimu Rehema, aliyetufundisha Kiswahili, aliigawa vipande kwa sura, na kila karatasi iliyochanika tuliibandika kwa uji wa muhogo. Panya waliipenda fasihi kuliko sisi. Mtu alisoma kipande alichopewa kisha akabadilishana na mwenzake, ndiyo maana mimi nilimjua msichana wa riwaya ile akiwa mtu mzima kabla sijamjua akiwa mtoto. Kipande changu cha kwanza kilikuwa kile anachorudi kwao na kukuta mama yake ameshazikwa.

Nilikisoma peke yangu, kama nilivyofanya kila kitu mwaka ule. Kwetu ni Kitanga, mbali mno kwa mtoto kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo baba alinipangia chumba karibu na shule. Wanafunzi tuliotoka vijijini tuliviita vyumba hivyo geto. Wenzangu walikaa wawiliwawili, wakapokezana kupika na kugombana. Mimi nilikosa wa kugombana naye. Nilichemsha maharage yangu, nikala, nikaosha sahani yangu, kisha nikakaa kitandani kusikiliza redio ya jirani ukutani. Nilikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kulisema.

Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Yeye na baba waliletwa kutoka Burundi wakiwa watoto wadogo, wakakulia kambini, wakaoana, wakapata uraia na shamba. Picha yake moja tuliyokuwa nayo iliharibiwa na mvua iliyovuja darini. Kule geto niligundua kwamba sura yake imeanza kunitoka. Kitenge chake nilikikumbuka, na sauti yake akiita kuku, lakini uso haukuja hata nilipofumba macho. Hilo lilinitisha kuliko mtihani wowote.

Basi Mwalimu Rehema alipomaliza kutufundisha tamathali za semi, akatutaka tuandike aya moja kuhusu mtu tunayemkumbuka, kama msichana wa riwaya anavyomkumbuka mama yake, na ndani yake tutie tashbihi. "Aya ina wazo moja," alisema. "Ukiweka mawili, umefungua soko." Niliona nimepata njia. Nikimwandika mama vizuri, nitakuwa na picha yake isiyolowa.

Niliandika jioni nzima. Nilichukua maneno ya baba mwenyewe, ambayo alimwambia mama kwa Kirundi kila alipokuwa na furaha: "Ufise amaso y'inyana," yaani una macho ya ndama. Nikaandika kwamba mama yangu alikuwa na macho kama ya ndama, na kwamba alitembea polepole kama ng'ombe aliyeshiba, akirudi nyumbani bila kusukumwa na mtu. Nilipoisoma, uso wake ulikuja. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nihamie mjini.

Kesho yake niliisoma mbele ya darasa. Nilipofika kwenye ng'ombe, kijana mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, na pembe alikuwa nazo?" Darasa likaangua kicheko. Hata wale ambao najua baba zao waliwasifia mama zao hivyohivyo walicheka, labda kwa nguvu zaidi, wasije wakajulikana kuwa asili yao ni Burundi.

Mwalimu Rehema aliwanyamazisha. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, hakunitakia mabaya. Alikuja hadi kwenye dawati langu akaniambia kwa sauti ya chini, "Odeta mwanangu, kwa Kiswahili ukimwita mtu ng'ombe umemtukana. Mama husifiwa kwa tausi, kwa waridi, kwa mbalamwezi. Nenda uandike upya."

Niliandika upya. Mama akawa mrembo kama tausi, akanukia kama waridi, uso wake ukang'aa kama mbalamwezi. Tausi sijamwona mpaka leo. Nilipata alama za juu, darasa likapiga makofi, ila kwa wiki nzima wavulana walilia "mooo" nilipopita.

Ijumaa nikapanda gari la Kitanga. Nilimkuta baba uani akipukuchua maharage, nikaketi kwenye kigoda kando yake kumsaidia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwana wanje. Umeleta nini huko shuleni?"

Nikamwambia nimeleta aya, nimefanya vizuri. Akaweka ungo chini, akafuta mikono, akasema, "Nisomee." Nikasoma taratibu, tausi na waridi na mbalamwezi, nikitazama daftari tu. Nilipomaliza aliinamisha kichwa kwa heshima, kama alivyofanya kanisani.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Huyo mama ni wa kwenye kile kitabu chenu?"

Nilishindwa kumwambia. Niliona haya. "Ndiyo, baba," nikasema. "Wa kwenye kitabu."

"Alikufa?"

"Alikufa."

"Pole yao. Na mtoto amebaki na nani?"

"Na baba yake."

Akatikisa kichwa, akavuta ungo, tukaendelea kupukuchua hadi giza likaingia.

Nilichoelewa wakati ule ni kwamba nimempoteza mama tena, safari hii kwa alama za juu. Nilijihurumia sana, nikaamini hakuna mpweke duniani kama mimi na geto langu. Baba ametutoka, nami nimelea watoto wangu, ndipo nimejua alikuwa akiishi vipi siku ambazo sikuwepo: anapika kidogo, anaosha sahani yake, na pale Kitanga hapakuwa na mtu mwingine wa kumtajia mke wake. Maneno aliyokuwa na hamu ya kuyasikia, yale ya macho ya ndama, niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Yalikuwa kwenye daftari lilelile, ukurasa mmoja nyuma, na baba aliyetaka kusomewa alikuwa ameketi kando yangu.